Simu Imegoma Baada ya Kuwekwa Romu: Anza na Dalili

"Sikuifanya kitu, ami." Karibu kila simu ya romu inayofika kwenye meza yangu ya ufundi hapa Langoni, Lamu, huja na maneno hayo, imeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni. Ukiuliza mara ya pili unaambiwa kuna kijana nyumbani aliyeishika jana usiku. Mara ya tatu ndipo ukweli unapotoka: alishusha romu, akafuata video, kazi ikafika nusu, stima ikakatika.

Niliyoyaandika hapa yametokana na simu hizo. Nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu ya kawaida imetangulia, ile ya nadra ikaja mwisho. Usiruke mbele kwa sababu mwisho ndiko kwenye ufundi mwingi. Simu nyingi hupona kwenye hatua ya kwanza au ya pili.

Tuelewane maneno kwanza. Romu ni mfumo mzima wa simu. Romu ya kiwandani ndiyo iliyokuja nayo dukani. Romu ya wasanidi ni ile iliyoundwa na watu wa nje, mfano LineageOS, iliyoshika nafasi ya CyanogenMod ilipofungwa mwishoni mwa 2016. Butiloda ni bawabu: huamka kabla ya kitu kingine ukiwasha simu, na ndiyo huamua programu ipi ipite mlangoni. Rikava ni chumba cha ukarabati kilicho kando ya mfumo, ambamo unafuta na kupakia. IMEI ni tarakimu 15 zinazoitambulisha simu mbele ya mtandao. Bonyeza *#06# uzione, kisha ziandike kwenye karatasi leo, kabla hujasoma mbele.

Simu unayoishika wewe ina wakubwa watatu: kampuni iliyoiunda, kampuni ya mtandao iliyoiuza mara ya kwanza, na msanidi anayeitunza romu yake. Kila mmoja ana ufunguo wake, na hakuna anayeweza kufungua mlango wa mwenzake. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa dalili yoyote ni: ufunguo wa tatizo hili uko kwa nani?

Kabla ya kugusa chochote

Chaji ifike nusu au zaidi. Kompyuta iwe laptopu yenye betri inayoshika, kwa sababu stima yetu ya Lamu haitoi taarifa ikiondoka. Halafu tafuta jina la ndani la simu, usitegemee jina la boksi. Redmi Note 8 wasanidi huiita "ginkgo", na Redmi Note 8T huiita "willow". Dukani zinafanana kama pacha, lakini ni simu mbili tofauti. Samsung nazo zinatofautiana kwa herufi ya mwisho ya namba ya modeli: F ni moja, na U, iliyouzwa Marekani, ni nyingine kabisa.

Simu yawaka, yafika kwenye nembo, yarudi mwanzo

Tazama kitufe cha kuwashia. Najua wewe unataka kusikia habari za romu, lakini sisi tunakaa katikati ya maji ya chumvi. Simu ya mvuvi, ya mbeba mizigo wa jeti, hata ya mama anayeiweka dirishani, kitufe chake huota chumvi kwa ndani na kukwama. Simu hudhani kuna mtu anakibonyeza bila kuachia, basi hujizima na kujiwasha. Kibonyeze usikilize: kikiwa kizima hutoa mlio mdogo na kurudi. Siku moja nilipakia romu tatu kwenye simu moja tangu adhuhuri hadi alasiri, na kumbe dawa ilikuwa mswaki mkavu na tone la spiriti.

Kitufe kikiwa kizima, sababu inayoongoza ni data ya zamani kubaki. Ukitoka romu ya kiwandani kwenda ya wasanidi, ni lazima ufute sehemu ya data kwa kuiumba upya, yaani kuifomati, kwa sababu data ile ilisimbwa kwa ufunguo wa mfumo wa kwanza na mfumo mpya hauwezi kuisoma. Kufuta programu moja moja hakutoshi. Ingia rikava, chagua kuumba data upya, thibitisha, kisha washa. Picha, ujumbe na kila kilichomo ndani kitaondoka. Kama picha za harusi zimo humo tu, simama hapo. Ukishaiumba upya data iliyosimbwa, hakuna fundi wa kuzirudisha, mimi nikiwa mmoja wao.

Inayofuata ni faili kutofika zima. Bando lilikatika katikati na faili likabaki na mwisho mbovu. Wasanidi makini huweka kando ya kila faili mstari mrefu wa herufi na tarakimu uitwao SHA-256. Pima faili lako kwenye kompyuta ulinganishe. Herufi moja ikitofautiana, lishushe upya.

Hapo hapo niseme jambo linalowatisha wengi. Ukipakia kwa njia ya adb sideload, yaani kutuma faili kutoka kompyuta hadi rikava kwa waya, kompyuta inaweza kusimama kwenye asilimia 47. Vijana huchomoa waya papo hapo, na kuchomoa huko ndiko kunakoiharibu simu. Kusimama kwenye 47 mara nyingi ni kawaida: kazi imekwisha, hesabu ya kompyuta tu ndiyo haikufika mia. Tazama kioo cha simu kinasema nini, usiangalie laptopu.

Kisha kuna romu isiyo ya simu hiyo, na nimekwisha kueleza habari za ginkgo na willow.

Mwisho ni bawabu mwenyewe. Tangu Google ilipoleta ukaguzi wa kuwasha, simu hukutolea onyo la rangi. Rangi ya chungwa inasema butiloda imefunguliwa. Ni onyo tu, ngoja sekunde chache simu itaendelea. Nyekundu inasema mfumo haukutambulika na hautaruhusiwa kuanza. Ukiona nyekundu, rudisha romu ya kiwandani ya modeli hiyo hiyo, kamili, pamoja na faili la vbmeta lililokuja nayo, ambalo bawabu hulikagua ili kuutambua mfumo.

Jambo la kutofanya kabisa: usiifunge butiloda wakati ndani kuna romu ya wasanidi. Watu husoma mahali kwamba ukiifunga onyo la chungwa litaondoka. Kweli litaondoka, na mara nyingi simu itaondoka nalo, kwa sababu bawabu atafunga mlango asimtambue aliye ndani. Rudisha kwanza romu ya kiwandani, iwake, ndipo ufunge. Zipo simu chache, kama Pixel za Google zenye romu iliyotiwa saini maalumu, ambazo huruhusu kufunga. Kama hujui simu yako ni ya aina hiyo, basi chukulia kwamba siyo.

Kompyuta haiioni simu

Badilisha waya. Nyaya nyingi za sokoni hupitisha chaji peke yake. Safisha tundu la chaji kwa kijiti kikavu cha mbao, simu ikiwa imezimwa. Kutu ya kijani huko ndani ni ya kawaida hapa kisiwani. Jaribu tundu jingine la kompyuta. Baada ya hapo ndipo uguse draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua simu. Kwa simu zenye chipu za MediaTek kuna mtego wa ziada: zikiwa zimezimwa hujitokeza kwenye kompyuta kwa sekunde chache tu, kisha hupotea na kuanza kuchaji. Si kwamba haionekani. Wewe ndiye umechelewa. Anzisha programu ya kupakia kwanza, ndipo uchomeke simu huku umeshika vitufe vya sauti.

Kitufe cha kufungua butiloda hakibonyezeki, au hakipo

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, gonga namba ya muundo mara saba, kisha urudi kwenye menyu ya wasanidi programu. Humo mna kitufe cha kuruhusu kufungua. Kikiwa na rangi ya kijivu, jambo la kwanza ni intaneti. Simu kama Pixel huuliza Google kama imefungwa na kampuni ya mtandao kabla ya kukuruhusu, na bila bando haiwezi kuuliza. Iunganishe, ngoja dakika chache, tazama tena.

Jambo la pili ni muda. Samsung iliyotoka kufutwa inaweza kukificha kitufe hicho kwa siku saba. Xiaomi nayo kwa miaka mingi imekuwa na saa zake za kungoja, mara nyingi 168, ambazo ni wiki nzima, na akaunti lazima iunganishwe na simu kupitia data ya laini, siyo Wi-Fi. Ukiitoa akaunti katikati unaanza upya kuhesabu. Hakuna fundi wa kukuuzia njia ya mkato, na anayekuambia anayo, muulize kwa nini anataka malipo kabla.

Jambo la tatu ni mkopo. Simu ya kulipa kidogo kidogo ina programu ya kufunga iliyowekwa chini ya mfumo, na anayekudai ndiye mwenye ufunguo. Kuipakia romu ili kukwepa malipo ni kuvunja mkataba, na mimi siigusi. Maliza deni, dai uthibitisho kwamba kufuli limetolewa, ndipo uje.

Jambo la nne ni kampuni ya mtandao ya huko simu ilikotoka, na hili ndilo linalochanganya wengi. Kuna kufuli mbili zisizojuana. Moja ni ya laini: simu inakataa laini ya mtandao mwingine na kukuomba msimbo. Nyingine ni ya butiloda. Muuza simu wa Mombasa akikuambia "imefunguliwa", anazungumzia ile ya kwanza. Marekani, Sheria ya 2014 ilimpa mteja haki ya kufungua kufuli ya laini, lakini haikuilazimisha kampuni kufungua butiloda. Ndiyo maana Pixel iliyouzwa na Verizon inapokea laini yetu ya Safaricom bila shida, na kitufe chake cha butiloda kitabaki kijivu maisha. Samsung za Marekani zenye U mwishoni ni vivyo hivyo.

Jambo la tano ni kampuni iliyoiunda. Huawei iliacha kutoa misimbo ya kufungua butiloda mwaka 2018. Simu zake za baada ya hapo hazina mlango wa kugonga. HTC yenyewe ilikuwa na utaratibu wa wazi tangu 2011. Kila kampuni ina siasa yake, na siasa hiyo hubadilika kwa sasisho moja la usiku, kwa hiyo kitufe ulichokiona mwaka jana usikitegemee mwaka huu.

Na Samsung ina deni lisilofutika: ukipakia programu isiyo yake, fyuzi ndogo ndani ya chipu huungua na hesabu ya Knox, yaani ulinzi wa Samsung, huandika 0x1. Kuanzia siku hiyo Folda Salama haifanyi kazi, hata ukirudisha romu ya kiwandani. Mweleze mwenye simu kabla, siyo baada.

Butiloda imefunguka, lakini hakuna romu ya simu yako

Hili silo kosa la mtu. Simu nyingi za pwani ni Tecno, Infinix na itel, zote za Transsion ya Shenzhen, zenye chipu za MediaTek au Unisoc. Msanidi anahitaji msimbo chanzo wa keneli, yaani kiini cha mfumo, ili romu iongee na kamera, redio na kioo cha simu hiyo. Leseni ya keneli ya Linux, GPL toleo la 2, inamtaka anayegawa programu hiyo atoe pia msimbo wake. Pale msimbo unapokosekana au unapotoka nusu, msanidi hupapasa gizani, na kwa kawaida huacha. Ndiyo maana utaona romu tele za simu ambayo hapa Amu hujawahi kuiona, na ile iliyo mkononi mwa nusu ya mtaa haina hata moja.

Kuna mwanya mmoja. Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, mfumo ulitenganishwa na sehemu ya kampuni, hivyo romu ya jumla, iitwayo GSI, inaweza kukaa juu ya simu nyingi. Inaweza, si lazima ikae vizuri. Tarajia kitu kimoja au viwili kugoma, na usiiweke kwenye simu ambayo ndiyo pekee nyumbani.

Laini haisomi: "simu za dharura tu"

Mzee mmoja nahodha alikuja asubuhi, kikoi kimelowa magotini.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Simu hii Wi-Fi yaona, laini haiitaki. Nimeitia laini mbili."

Nikafungua orodha ya Wi-Fi. Juu kabisa, kabla ya mtandao wa mgahawa wa jirani, palikuwa na jina refu: NVRAM WARNING: Err = 0x10.

"Huyo ni jirani gani?" akauliza.

"Huyo si jirani, ami. Mjukuu wako ana laptopu?"

"Anayo."

Basi hapo nilikwisha kujua.

Simu za MediaTek zina chumba kiitwacho NVRAM kinachohifadhi IMEI, vipimo vya redio na namba ya Wi-Fi. Vyote hivyo viliandikwa kiwandani kwa ajili ya simu hiyo moja. Programu ya SP Flash Tool ina chaguo tatu: kupakia tu, kupandisha toleo, na kufuta vyote kisha kupakia. Kijana huona la tatu ndilo safi zaidi, akalichagua. Linafuta mpaka NVRAM. Simu huwaka vizuri, kioo kinang'aa, na haijijui jina.

Sasa tufuate utaratibu. Kwanza itie laini hiyo kwenye simu nyingine. Huenda laini ndiyo iliyokufa. Tazama trei kama ina kutu. Zima na uwashe hali ya ndegeni. Kisha bonyeza *#06#.

IMEI ikitokea kamili, sawa na ile ya kwenye boksi, chumba kiko salama. Nenda Kuhusu simu utazame toleo la redio. Likisema halijulikani, umepakia romu isiyoambatana na programu ya modemu. Pakia modemu ya romu ya kiwandani ya modeli hiyo. Kama redio inajulikana na kioo kinaomba msimbo wa mtandao, hiyo ni kufuli ya laini, na ufunguo uko kwa kampuni ya mtandao iliyoiuza. Kama huombwi msimbo na bado inakataliwa, huenda simu iliripotiwa kuibwa. Romu haitaisaidia.

IMEI ikiwa tupu, sufuri, au ngeni, uliza swali moja: kuna nakala? Kabla ya kupakia chochote, mtu mwangalifu huhifadhi vyumba hivi: kwenye MediaTek ni nvram, nvdata, nvcfg, protect1 na protect2, kwenye chipu za Qualcomm ni modemst1, modemst2, fsg na persist, kwenye Samsung ni efs. Faili zenyewe ni ndogo, hazijazi hata kona ya kadi ya kumbukumbu. Nakala ya simu hiyo hiyo ukiirudisha, laini inasoma kama hapakutokea kitu.

Pasipo nakala, simama. Kuna watu watakaokuambia wataiandika IMEI yoyote kwa dakika tano. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya inahesabu kubadilisha utambulisho wa simu kuwa kosa kwa yeyote asiyekuwa mtengenezaji au wakala wake. Juu ya hilo, IMEI ya kubandikwa hairudishi vipimo vya redio. Simu itasoma mtandao kwa shida milele. Chukua boksi, risiti na kitambulisho, upeleke kwenye kituo cha huduma cha kampuni iliyoiunda. Nahodha wangu alikuwa na boksi, amelitumia kuhifadhia ndoana.

Mtandao upo, lakini ni wa kukokota

Toka nje. Nyumba za mawe za Mkomani zina kuta nene za matumbawe, na ndani ya vyumba vya nyuma hata simu mpya haishiki. Panda darini au nenda ufukweni upime tena, kabla hujaitukana romu.

Ukiwa nje na bado hakuna data, tazama APN, yaani mpangilio wa kuingia intaneti kupitia laini. Romu ya wasanidi haina lazima ya kuzijua kampuni zetu zote. Kwa Safaricom andika jina la APN safaricom, mtumiaji saf, nenosiri data. Herufi ndogo zote.

Ukiwa na data ya 3G tu, 4G haiji, huenda simu haina masikio ya masafa yetu. Safaricom hutumia 800 MHz na 1800 MHz kwa 4G. Ile ya 800, bendi ya 20, ndiyo hufika mbali na kupenya kuta, na simu nyingi zilizotengenezewa Marekani hazina bendi hiyo. Hilo ni la vifaa. Hakuna msanidi wa kuiongeza kwa programu.

Na ikiwa 4G ipo lakini inashuka kila ukipiga simu, kisha inarudi ukikata, hiyo siyo hitilafu. Kupiga kwa 4G kunahitaji mpangilio ambao kampuni ya simu na kampuni ya mtandao wamekubaliana na kuuweka kwenye romu ya kiwandani. Msanidi wa kujitolea hakuwa kwenye kikao hicho.

Programu ya benki inakataa kufunguka

Benki huuliza Google: simu hii ni ya kuaminika? Zamani swali lilipitia SafetyNet, siku hizi ni Play Integrity. Butiloda iliyo wazi hujibu hapana. Sababu ya pili ni kuruti, yaani kujipa mamlaka yote ya mfumo; LineageOS haiji na ruti, lakini vijana huiongeza wenyewe. Itoe kwanza, ujaribu tena. Baadhi ya programu huridhika na hatua hiyo.

Zipo mbinu za kuficha butiloda, na zinafanya kazi mpaka Google ibadilishe ukaguzi, ambapo mshahara wako unabaki ndani ya programu isiyofunguka siku ya mwisho wa mwezi. Kwenye simu yangu ya majaribio nazicheza. Kwenye simu ya mteja sizifanyi. Nyumba yenye simu moja ya benki, hiyo ibaki na romu ya kiwandani.

M-Pesa ina unafuu wake. Ilipoanza Machi 2007 ilikaa kwenye laini, ikitumika kwenye simu za vitufe, na menyu hiyo ya laini haiulizi habari za butiloda. Kama menyu imepotea baada ya romu mpya, programu ndogo ya kuionyesha haikuwekwa. Bonyeza *334# uendelee na shughuli zako.

Onyo moja zito: romu iliyotoka kwa mtu asiyejulikana, ikiwa na ruti ndani, inaweza kusoma kila ujumbe unaoingia, pamoja na namba za siri za mara moja. Chukua romu kutoka kwa mradi unaoonekana na unaotoa msimbo wake, siyo faili lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Madogo madogo

Google Play inajifunga kila dakika: programu za Google ziliwekwa baada ya simu kuwashwa mara ya kwanza. Umba data upya, pakia romu, pakia za Google papo hapo, ndipo uwashe.

Google inasema kifaa hakijaidhinishwa: kuna ukurasa wa Google wa kusajili namba ya utambulisho ya kifaa kama hicho, siyo namba ya laini. Isajili, ngoja, washa upya.

Filamu zinaonekana hafifu: baada ya butiloda kufunguliwa, baadhi ya simu hushushwa daraja la Widevine, ulinzi wa filamu zisinakiliwe, kutoka L1 hadi L3, na wenye filamu hawatoi picha kali kwa L3. Hakuna cha kurekebisha.

Kamera haina ubora wa zamani: hesabu za picha zilikuwa mali ya kampuni, hazikuhama na simu.

Simu imekufa: haiwaki, haitetemeki, haina mwanga

Ichaji saa mbili kwa chaja unayoiamini. Kisha shika kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa nusu dakika. Simu kadhaa "zilizokufa" huamka hapo.

Ichomeke kwenye kompyuta. Ikitokea kwa jina la Qualcomm lenye tarakimu 9008, au kama mlango wa MediaTek, moyo bado unapiga. Inaweza kupakiwa, lakini kwa Xiaomi nyingi mlango wa 9008 unahitaji akaunti iliyoidhinishwa na kampuni, na mwenye kuikodisha mtandaoni humjui.

Uliza pia kama ulijaribu kurudi toleo la nyuma. Simu nyingi za sasa huandika namba ya toleo mahali pasipofutika, na zikipewa la zamani hukataa kuwaka. Pixel 6 zilianza hivyo na Android 13, Agosti 2022. Hizo huokolewa kwa toleo jipya tu, kama mlango bado upo.

Acha kila kitu upeleke kwa fundi endapo betri imevimba na kuinua kioo, simu inapata moto ikiwa kwenye waya, kuna harufu ya kuungua, au imewahi kuingia maji ya bahari. Betri iliyovimba usiichome, usiikandamize irudi, na usilale nayo chumbani. Simu iliyoomba akaunti ya Google ya mtu mwingine baada ya kufutwa nayo usiilete kwangu, mpelekee aliyekuuzia.

Unapokuja, njoo na simu, boksi lenye stika ya IMEI, karatasi ya risiti, faili ulilopakia, na jina la programu uliyotumia. Mlete na kijana mwenyewe, bila kumgombeza njiani, maana akiogopa hatasema alibonyeza wapi. Na mnaotoka Faza na Siyu, fikeni mapema: kupakia kunaweza kuchukua saa nzima, na boti haiwezi kumngoja mtu maji yakianza kutoka kwenye mkondo wa Mkanda.